Kura Yangu Moja

Jumapili, usiku

Na wazo lenyewe lilikuwa langu! Mimi ndiye niliyewaambia wanakwaya tumchague kiongozi kama makardinali wanavyomchagua Papa: kila mtu aandike jina kwa siri, akunje karatasi, kisha kura zisomwe kwa sauti, moja moja.

Leo baada ya misa, kanisani kwetu Fairfield, huku ugenini, rafiki yangu Mama Zawadi ndiye aliyesoma. Mama Riziki. Mama Riziki. Tena Mama Riziki. Jina langu lilitoka mara moja tu. Nikainama, nikatazama viatu vyangu.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Mama Zawadi akanishika mkono. “Usihuzunike, dada. Ile kura ilikuwa yangu.”

Nikamwambia aksanti.

Ile kura niliiandika mimi. Na mwandiko wangu anaujua vizuri.