Waya za Zamu Iliyopita

Mjukuu wangu Zubeda,

Marahaba. Bibi yako hajambo, goti limetulia. Umeuliza kwa nini kwenye C, hiyo lugha ya kompyuta mnayofundishwa, mnaambiwa kila pointa, yaani kielekezi cha mahali kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ianze na sifuri, na kumbukumbu iachiliwe kazi ikiisha.

Miaka ya hamsini, nikiandikia gazeti hapa Tanga, bibi yako alishikwa na uchungu. Nilipiga simu kumwita mkunga, nikasikia mtu akipumua.

"Hiyo ni nyumba ya marehemu Sefu, bwana," alisema opareta, aliyeunganisha simu kwa kuchomeka waya kwenye ubao. "Zamu iliyopita wameacha waya zimechomekwa. Laini zote zimeshikwa na watu wasiokuwepo."

"Anayepumua nani?"

"Nyumba imefungwa tangu mazishi."

Akachomoa waya zote, akaanza na ubao mtupu. Mkunga alifika, baba yako akazaliwa salama.

Basi pointa na kumbukumbu ni kama waya hizo: safisha kabla ya kutumia, na ukimaliza uachilie. Aliyekuwa akipumua sijamjua hadi leo.

Babu yako,
Mabawa, Tanga