Wote Tuko Sawa

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha kusimama tena. Kinatakiwa kiwe dakika kumi na tano. Chetu ni saa nzima. Bosi Nyakundi alirudi na hii Agile, mtindo wa kazi wa watu wa kompyuta, kutoka semina, akaipandikiza juu ya mikutano tuliyozoea: maombi ya kufungua, udhuru wa wasiokuwepo (tuko wanne, wote tupo), neno la mwenyekiti, mengineyo, neno la shukrani. Na yote hayo tukiwa wima.

Ijumaa mfumo wetu unaanza kazi kituo cha majani chai kule Itumbe. Lori likitoka kiwandani, mkulima apate ujumbe kwa simu, ndipo abebe gunia. Wakulima wakiridhika, tunapewa vituo vingine. Wasiporidhika, ofisi hii ya Nyanchwa inafungwa. Mama yangu anauza majani yake kituo hicho hicho. Nimebanwa pande zote.

Jumanne, 4 Machi
Akoth, mwenzetu mpya, ametoka upande wa ziwa, hajazoea tabia zetu. Aliulizwa kama kuna kinachomzuia. Akajibu ukweli! "Nimekwama. Namba za wakulima zingine haziingii."

Bosi alimhutubia mbele yetu mpaka chai ikapoa. "Dada yangu, umewahi kusikia Ogeto amekwama? Jifunze kwake."

Ogeto, aliyeandika sehemu ya kutuma ujumbe, akaangalia viatu vyake. Namjua Ogeto. Akiangalia viatu, kuna jambo.

Jumatano, 5 Machi
Ogeto: niko sawa. Akoth: niko sawa. Uongo mtupu, tena tumetoka tu kusema amina. Kikaratasi cha kazi ya Ogeto kimehamishiwa upande wa "Imekwisha" ubaoni. Makofi.

Kazi yangu ni kujaribu mfumo. Nimejitumia ujumbe asubuhi, umefika jioni. Nimemwambia bosi tujaribu na wakulima wawili watatu kwanza. Hataki. Eti mgeni haonyeshwi sufuria kabla ya chakula kuiva. Na ujumbe kuchelewa? "Huo ni mtandao wa kwenu tu." Nimechoka na huyu mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeomba tuanze Jumatatu badala ya kesho. Kesho jua likitua, bosi na Ogeto wanaingia Sabato. Kitu kikiharibika atarekebisha nani? Bosi akasema nina imani haba. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ijumaa, 7 Machi
Kimeharibika.

Lori lilikuja, likabeba, likaondoka. Ujumbe ukafika baadaye, simu zote kwa mpigo. Kina mama walikuwa wametulia nyumbani wakingoja simu iwaambie. Mama alinipigia kwa ile sauti ya upole ninayoiogopa. "Mwanangu, simu yenu inasema lori linakuja. Mimi niko hapa kituoni, limeshaenda. Majani yamepata joto ndani ya gunia, hayauziki tena. Nimwage?"



Jua likatua. Akoth ni Mkatoliki, angefanya kazi usiku kucha. Ila nywila ya mfumo anayo Ogeto peke yake, na Ogeto amezima simu. Nilitaka kurusha kiti.

Jumapili, 9 Machi
Kamati ya wakulima imetupa nafasi moja tu. Alhamisi. Mama alimwaga majani. Hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu, 10 Machi
Bosi aliomba kwa sentensi moja. Akaenda ubaoni, akakirudisha kikaratasi cha Ogeto upande wa "Inaendelea". Akasimama hapo akiwa ametugeuzia mgongo.

"Mimi ndiye nimekwama. Niliwaahidi wakulima Ijumaa bila kuwauliza nyinyi."

Tulingoja hotuba. Haikuja.

Ogeto akakohoa. "Ujumbe unajazana mahali pamoja, hautoki. Nilijua tangu Jumanne iliyopita."

Akoth akavuta kiti. "Sogea, Msabato. Nipe nywila kwanza, halafu utubu."

Hata bosi alicheka.

Jumatano, 12 Machi
Bosi ameshinda Itumbe, amekaa na kina mama kituoni, simu mkononi. Kila ikilia kwa ujumbe wetu wa majaribio anatuambia. Ikichelewa anatuambia pia, bila kuhubiri. Ogeto amesema "nimekwama" mara mbili leo. Hakuna aliyekufa.

Alhamisi, 13 Machi
Lori limetoka kiwandani. Mama akapiga, hakusalimu.

"Imelia. Nabeba gunia."

Akakata.

Kikao cha asubuhi kilikwisha chai ikiwa bado ya moto. Nimekunywa yangu nimekaa.