Akina Withersgill Sita

La Rochelle, Johannesburg
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Evarista,

Kwa heshima na taadhima naitangazia familia yetu, walio hai na waliotutangulia, pamoja na yeyote anayechungulia barua hii begani kwako, kwamba Alhamisi iliyopita, saa nne na robo asubuhi, mimi Ephraim nilikabidhiwa kadi ya maktaba. Ina picha yangu. Nimetoka kama mtu aliyeibiwa sasa hivi.

Baada ya tangazo hilo, marahaba. Dagaa wamefika, salamu zimefika, barua imefika. Mimi mzima isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea. Presha yako je? Lerato hajambo? Umesema nisipige simu kwa kuwa simu yako binti anaishika kutwa, nawe hutaki ajue mpaka jambo likamilike. Sawa. Tutaandikiana kwa mkono wa jirani yangu Orpha kila anapopanda basi kwenda huko kuuza nywele zake za bandia. Bahasha ikifika imefunguliwa, ni yeye. Simshuku, nasema tu.

Sasa kazi uliyonipa nimeielewa hivi. Mshenga wa upande wa mchumba aliuliza mbele ya wageni, "Hivi mama, Withersgill ni kabila gani?" Wewe ukakosa la kusema. Kwa hiyo kabla ya harusi ya binti, tarehe 14 Desemba, unataka nimpate mtu wa ukoo wa Amosi, hata mmoja, asimame kama baba mdogo wa Lerato. Amosi yule mkimbizi wa Afrika Kusini aliyekuoa kambini Morogoro, akaondoka Agosti 1992 wenzake walipoitwa kurudi kwao, mtoto ana miezi minne, akasema, "Natangulia kutafuta nyumba." Nyumba inatafutwa mpaka leo.

Mimi nalinda lango la yadi ya chuma chakavu Jeppestown, mwaka wa kumi na tisa huu. Lango limenifundisha jambo moja: anayeuliza jina ana lake. Huyo mshenga usimpe chai ya pili.

Kazi nimeianza. Msichana wa maktaba alinifungulia tovuti ya Waingereza ambao starehe yao ni kuhesabu watu kwa majina ya koo. Withersgill ni jina la bonde, huko kaskazini kwao. Lilikuwa na kijito na miti inayoinama, na watu waliokaa humo wakaitwa kwa jina lake. Bonde lenyewe sasa limefunikwa na bwawa. Wenye jina hilo wamebaki mia moja arobaini na watatu dunia nzima. Afrika Kusini wako sita. Sita, Evarista, katika nchi ya watu milioni sitini! Wote wako Johannesburg, na wote, kwa jinsi mitaa yao ninavyoijua, ni Wazungu.

Na sisi miaka yote tulidhani ni jina la Kisotho.

Nilimwonyesha Damien, yule Mkongo mwenye duka la intaneti Yeoville. Akasoma, akavua kofia. "Iyi jina ni ya batajiri, mzee. Ule shemeji yako alikuficha kitu."

Nami naona hivyo.

Kaka yako,
Ephraim

*

Kihonda, Morogoro
22 Septemba 2024

Kaka Ephraim,

Shikamoo. Sisi wazima. Presha inapanda ninaposoma barua zako, inashuka ninapozikunja. Lerato hajambo, kazi yake sasa ni kupima gauni na kulia, kulia na kupima gauni.

Bahasha ilifika imefungwa. Mwombe Orpha radhi.

Amosi hakuwa Mzungu wala nusu Mzungu. Alikuwa mweusi kuliko wewe, na wewe unajijua. Nilikuwa nafua nguo za kambi, yeye akapangiwa kunizungushia mkono wa mashine ya kukamulia. Miaka miwili amesimama mbele yangu mchana kutwa. Kama angekuwa na bibi Mzungu ningeuona usoni mwake.

Lakini kuhusu kwao hakusema neno. Nikimuuliza anacheka. Alisema jambo moja tu: mtoto wa kike akizaliwa aitwe Lerato. Nilimuuliza Lerato ni nani, akasema utamjua.

Mshenga mwache, anafanya kazi yake. Lakini nikwambie la moyoni, maana wewe ndiye uliyeniandikia zile barua tatu za mwaka tisini na mbili na tisini na tatu, zikarudi zote zimepigwa muhuri kwamba mtu huyo hajulikani. Namtaka baba mdogo, ndiyo. Ila nataka pia kujua kama niliachwa. Ukimkuta yuko hai ana mke na watoto, usinipake asali. Niambie.

Mdogo wako,
Evarista

*

La Rochelle
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti limetabiri mvua ya Jumanne na limepatia. Nimelisamehe.

Nimekwenda. Mmoja wa wale sita ni bibi kizee wa miaka themanini na kitu, anakaa Kensington, si mbali na kazini kwangu. Nilivaa suti ya kanisani. Hapo ndipo nilipokosea, maana mtu mweusi mwenye suti anayebonyeza kengele Jumamosi asubuhi anadhaniwa ama anahubiri ama anauza bima. Aliongea nami kupitia geti, mbwa akiwa katikati kama mkalimani.

Nikasema, "Madam, natafuta ukoo wa Bwana Amosi Withersgill."

"Hatuna Amosi."

"Alikuwa mkimbizi Tanzania."

"Sisi hatujawahi kukimbia popote. Umetumwa na wakili gani?"

Umeona? Nimemuuliza mtu, yeye ananitajia wakili. Asiye na cha kugawa hawazi wakili. Nikamwambia sina wakili, nina mpwa anaolewa. Akanitazama sana. Nami nikamtazama. Mbwa akatutazama wote.

Mwishowe akalegea kidogo, akaanza kunisimulia babu yake. Kwamba alikuja na meli kutoka Uingereza kuuza mitambo ya kufulia na kukamulia nguo iliyotengenezwa na ukoo wao, kwamba walikuwa wakilipiga jina lao kwenye kila chuma, mpaka akasema, "Jina letu limeingia nyumba nyingi kuliko sisi wenyewe." Nikajua anabadilisha mazungumzo. Nikamuuliza kwa adabu zote kama babu huyo, katika kuuza kwake mitambo nyumba kwa nyumba, hakupata mtoto wa pembeni.

Akasema, "Nilimuuliza mama swali hilo nikiwa na miaka kumi. Nilipigwa kofi." Akafunga mlango.

Evarista, mtoto hapigwi kofi kwa jambo ambalo halipo. Ninavyoona mimi, babu alizaa nje, wakamficha, yule akamzaa Amosi. Amosi akarudi mwaka tisini na mbili kudai chake, wakamnyamazisha kwa pesa, au kwa njia nyingine. Damien anasema njia nyingine. Nimeanza kupita mtaa ule nikitoka kazini. Pazia husogea.

Ukikubali, nitamwomba bibi huyu aje harusini kama shangazi. Nataka tu kuuona uso wa mshenga.

Kaka yako,
Ephraim

*

Kihonda
20 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, nina hasira tu.

Umemwendea bibi wa watu kwenye geti lake ukamuuliza habari za zinaa ya babu yake, umevaa suti ya kanisani. Mama yetu angekuwa hai ungekula fimbo na miaka yako sitini na mitatu. Acha kupita mtaa ule. Pazia linasogea kwa sababu kuna mwanamume anapita kila jioni akilitazama.

Na kwa nini unawauliza Waingereza habari za mume wangu? Waulize waliolala naye chumba kimoja. Kulikuwa na rafiki yake aliyekuwa akioka mikate kambini, mnene, hana kidole gumba cha kushoto, akiitwa Kaisari. Walipanda ndege moja siku ile. Wazee waliorudi kutoka uhamishoni hawakosi chama chao huko. Wazee wote wana chama. Mtafute mtu asiye na kidole gumba. Hiyo ni rahisi kuliko mabonde ya Ulaya.

Zimebaki wiki nane.

Evarista

*

La Rochelle
10 Novemba 2024

Evarista, mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana hata leo sitaziruka. Sisi huku wazima. Orpha alichelewa mpakani wiki nzima, na mimi nilikuwa nangoja apite ili nisiyaseme haya kwa simu. Kaa chini. Kama Lerato yuko karibu, mtume sokoni.

Kaisari nilimpata kwa siku mbili. Wana chama kweli, wanakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Amekonda, lakini kidole bado hana. Nikamtajia Amosi Withersgill, akacheka mpaka akakohoa.

"Hilo si jina la mtu. Tulipofika kambini tuliambiwa: jina lako liache mlangoni, chagua lingine kabla ya chakula cha jioni. Makaburu walikuwa na majasusi. Wakijua jina lako wanamwendea mama yako. Mimi nilichukua Kaisari kwa sababu nilikuwa na njaa nikataka foleni iishe."

"Na Amosi?"

"Sijui alilitoa wapi. Ukimuuliza mwenzako jina lake la kweli au kwao ni wapi, wewe ndiye unayeshukiwa. Tulikaa miaka sita bila kuulizana. Jina lake nililisikia kiwanjani tulipotua. Mama mmoja mfupi alipenya katikati ya watu akipiga kelele: Mandlenkosi! Rafiki yangu akageuka. Ndipo nikajua."

Ukoo wa Dlamini, akasema, wa Katlehong. Hakuwahi kwenda kwao.

Nilipanda teksi siku ya pili. Withersgill wako sita nchi nzima. Dlamini, pale ninaposhukia tu, kwenye robot ya pili, hizo taa za barabarani, nilimuuliza mwenye kiduka cha spaza akanionyesha nyumba tano bila kunyanyuka kwenye kreti lake. Hizo tano si zenyewe. Nimebisha hodi milango kumi na minne, nikafukuzwa mitatu, na siwalaumu, maana kila mmoja alidhani nimetumwa na mtu.

Nyumba ya kumi na tano alifungua mwanamume anaitwa Vusumuzi, Vusi, ni fundi bomba. Nikasema namtafuta Mandlenkosi. Akauliza, "Nani anamtafuta?" Nikasema mkewe, Tanzania. Akasema kaka yake hakuwa na mke. Akawa anafunga mlango. Nikasema, na binti yake Lerato. Mkono ukasimama kwenye kitasa.

"Lerato ni jina la mama yetu," akasema. "Eish. Ingia, baba."

Evarista, hakukuacha. Alikufa tarehe 9 Machi 1993. Ule ulikuwa mwaka wa vurugu huko Katlehong. Alikwenda kununua mafuta ya taa, risasi iliyokuwa ikimtafuta mwingine ikampata yeye. Alikuwa nyumbani miezi saba. Alikuwa akiwaambia ana jambo la kuwaeleza mambo yakitulia, hapo bado alikuwa anamshuku kila jirani. Wakamzika kwa jina lake. Waliomjua kama Mandlenkosi hawakujua habari zako, na sisi tuliokujua tulikuwa tunaliandikia jina ambalo halina mwenyewe. Barua zile niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri: Bwana Amosi Withersgill. Zilirudi kwa haki kabisa.

Kaburi nimeliona. Lina jiwe dogo, limefagiliwa.

Na jambo moja zaidi. Katika kabati lao la vyombo, kati ya birika na picha ya ubatizo, kuna picha yako. Umefunga kitambaa kichwani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, unacheka, umeegemea ile mashine ya kukamulia. Ilikuwa ndani ya mfuko wa shati la Amosi. Nyuma ya bega lako, kwenye chuma, herufi zimevimba kama mishipa: WITHERSGILL. Nilivaa miwani, nikavua, nikavaa tena.

Vusi anasema mama yao alikaa na picha hiyo mpaka alipofariki, mwaka 2011, akimfuta vumbi mwanamke asiyemjua kila Jumapili. Alishuku kwamba ulikuwa bosi wake wa kazi.

Vusi atakuja na mkewe. Pasipoti wanazo. Ameuliza avae nini.

Nimekwenda Kensington pia. Nilimwachia yule bibi chupa ya jemu ya matunda getini, nikaandika kikaratasi: "Samahani. Ni mashine." Pazia likasogea.

Kaka yako anayekuomba radhi,
Ephraim

*

Kihonda
24 Novemba 2024

Kaka Ephraim,

Shikamoo. Nimekawia kujibu. Barua yako ilikaa mezani siku tatu baada ya kuisoma, nikawa nafanya kazi nyingine nikiizunguka.

Picha ile aliipiga daktari mmoja mgeni. Sikujua nyuma yangu pameandikwa nini, wakati ule nilikuwa sijui kusoma. Nilijifunza mwaka tisini na nne, madarasa ya watu wazima, ili nimwandikie mwenyewe badala ya kukusumbua. Mashine ilikuwa imeshauzwa chuma chakavu.

Miaka thelathini na moja nimemshuku mtu aliyekuwa kaburini. Nilikuwa nimempa mke huko, mnene, ana gari jekundu. Huyo mwanamke nilimchukia kwa bidii. Sasa ameondoka yeye na gari lake, na jioni sina wa kugombana naye.

Jina la Mandlenkosi bado halinitoki mdomoni. Kwangu ataendelea kuwa Amosi, wao waniwie radhi. Nimemwambia Lerato yote. Alilia, halafu akauliza kama bibi yake alikuwa na mwanya. Muulize Vusi. Na mwambie suti yoyote, isipokuwa hiyo yako.

Orpha ameleta picha mliyoitoa nakala. Nimeiweka kabatini.

Jumapili nikamwita mshenga. Nilimkalisha, nikamweleza tangu kambi mpaka kaburi, Dlamini, baba mdogo, mashine, kila kitu, ili asipate pengo la kunisema. Alisikiliza hadi mwisho bila kugusa soda. Akasema, "Pole sana, mama." Nikamwambia, haya, sasa ulikuwa unataka nini na kabila letu? Akaona haya kidogo. Alikuwa anataka jina la ukoo kwa ajili ya kadi za mwaliko, hajui linaandikwaje na akaogopa kuuliza wazi, ndiyo maana akauliza hivyo. Niliponyamaza, mchapaji akaliacha.

Kadi ziko tayari tangu Agosti.

Mdogo wako,
Evarista