Namba Niliyomwambia Nesi

Jumatatu, 7 Julai

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika wake wawili, manyapara wanne wa bandarini, na daktari aliyesema sigara itaniua. Asubuhi nimevaa viatu. Nusu saa. Cha kushoto nimekivaa nimelala chali kama mende.

Mguu unawaka toka kiunoni mpaka kidole gumba. Nikisimama sana unakufa ganzi. Mwanangu Zuhura kasema nenda hospitali. Nimekwenda ili anyamaze.

Nesi kauliza maumivu ni ngapi, toka sifuri mpaka kumi. Nesi mwenyewe kitoto, sawa na mjukuu wangu. Mimi nilibeba magunia mawili ya sukari kwa mpigo, wenzangu wakaacha kazi kunitazama. Nikasema mbili.

Hapa naandika tisa. Daftari halinitazami.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Papa Bosco, kinyozi Mkongo tunayekaa naye ghorofa moja hapa Albert Park. Mgongo kama wangu. Yeye kashika ukuta, kalia, kamwita mama yake. Kasema kumi. Nimemwonea aibu.

Daktari kasoma karatasi ya nesi. Bosco kapelekwa kupigwa picha ya mgongo. Mimi kaniambia, mzee, wewe bado una nguvu, tuanze na vidonge na mazoezi, urudi baada ya miezi mitatu.

Nilifurahi aliposema nina nguvu.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda Bluff, kwa Salum. Tulishuka meli moja, tukabeba mizigo gati moja. Sasa tumbo limemmaliza. Amebaki macho na masharubu.

Amesema nimpokee mimi. Kaburini huingia watu watatu kumpokea maiti, na wa kichwani ni mimi siku zote. Nusu ya Waswahili wa mji huu wamelazwa na mikono hii.

"Si Hamidu," kasema. Hamidu ni kijana tunayeshuka naye kaburini. "Yule ana mikono ya siagi, atanidondosha."

Tumecheka mpaka akakohoa. Halafu katazama mguu wangu.

"Mguu huo?"

Nikamwambia mguu mzima huu. Nimeahidi.

Kumi kwenye teksi kurudi. Mazoezi sifanyi. Kulala chini na kuinua matako, huo ni upuuzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Bosco kafanyiwa operesheni. Nimekutana naye kwenye ngazi maana lifti imekufa tena. Anapanda, mimi nimekaa katikati napumzika. Kanifunulia shati. Plasta ndogo tu, ningeifunika kwa gumba. Kasema wamepitisha mrija mwembamba wenye kamera, wakatoa kinyama kilichokuwa kinabana mshipa wa mguu, kesho yake karudi nyumbani.

Nimemwambia operesheni ya kweli hupasua. Tundu kama la kifungo ni mchezo.

"Papa, acha kiburi," kasema. "Kulia haiko haya. Wewe uliwaambia ngapi?"

Alinipita na mfuko wa viazi. Nimemchukia mwili mzima.

Zuhura naye kauliza niliwaambia ngapi. Nimesema nane.

Jumatano, 20 Agosti

Tisa. Vidonge vimeisha. Salum hali tena chakula. Sikwenda kumwona. Ngazi.

Ijumaa, 22 Agosti

Salum amefariki alfajiri.

Nilimwosha nimeegemea meza. Makaburini wakaniambia baba, acha. Nikashuka. Nilisimama upande wa kichwa kama siku zote, nikanyoosha mikono. Mguu wa kushoto ukapotea. Nilianguka magoti, halafu ubavu, ndani ya kaburi la mwenzangu, na yeye yuko juu kwenye jeneza anangoja nafasi yake.

Wanaume wanne walinivuta kwa makwapa. Hamidu akaingia, akasimama pale pangu. Akampokea vizuri. Pole pole, shingo kaishika sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba alimpokea vizuri.

Mimi niliwekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na majembe.

Baadaye Hamidu kaja. "Pole, baba mkubwa." Hakucheka. Angecheka ningepata la kumwambia.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerudi hospitali. Nesi yule yule. Swali lile lile. Nikatazama sakafu, nikasema tisa.

Kaandika tisa. Hata kichwa hakuinua. Na mimi nilidhani ananipima uanaume.

Jumanne, 14 Oktoba

Picha imetoka. Mfupa na nyama vimebana mshipa. Daktari wa mgongo kaniambia iko sindano ya kutuliza, liko tundu dogo, na iko ya kupasua kirefu na kutia skrubu. Nikasema nipasue kirefu. Kacheka. Kwa umri wangu ni tundu dogo, nyama haichanwi sana, nitatembea mapema. Mguu utapata nafuu. Mgongo wenyewe hakuahidi. Na nisibebe kitu kizito tena.

Nikamuuliza, na mtu? Mtu mmoja tu, aliyekonda, dakika mbili?

Hakuelewa. Eish. Sikumweleza mambo ya kupokea maiti.

Jumamosi, 29 Novemba

Wiki ya nne tangu operesheni. Viatu nimevaa nimekaa kitandani. Mguu hauwaki. Leo tatu, na nimeandika tatu.

Nimekwenda kwa Salum. Toka getini nimetembea bila kupumzika. Majani yameanza kuota juu yake. Nimekaa chini nikamwambia namba niliyomwambia nesi mara ya kwanza. Hamidu alikuwa anasafisha upande wa pili. Wakati wa kuinuka kanipa mkono. Nimeushika. Si siagi.

Tundu limefunga, Zuhura hulipaka mafuta, amelihesabia nyuzi mbili. Kwamba nilisema mbili, nesi anajua. Kwamba nilianguka, Hamidu alikuwepo na wenzake. Magunia mawili kwa mpigo, walioyaona wote wamekwenda. Wa mwisho alikuwa Salum.