Kaye ya Majina

Bunia, kartie Lumumba, tarehe 3 mwezi wa sita

Papa Liévin,

Jambo. Uko muzima? Goti iko namna gani? Siye tuko, Mungu anasaidia.

Rezo ya telefone imekatwa siku ya kumi leo, lakini barua hii itakufikia. Programu niliyoitunga inapitisha maneno toka telefone hadi telefone, bila antena. Mbusa, mwenye pikipiki, ataibeba ndani ya telefone yake mpaka Mahagi na hataweza kuisoma. Watu wa biro, ofisi ya usalama, wanataka nitie ndani ya programu kaye, daftari la majina: nani ameandikia nani. Wamenipa mpaka ijumaa. Nimekataa. Nibariki.

Mutoto wako, Lydie

Mahagi, tarehe 6

Lydie mwanangu,

Goti linauma, asante kwa kuuliza. Baraka sikupi. Miaka kumi na saba nilishika fonii, ile redio moja ambayo mji mzima ulipanga mustari kuisemea. Nilikuwa na kaye: kila aliyesema, jina lake na la aliyemwita. Ndiyo kazi. Watu wale hawachezi. Wape, ulale kwako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Papa yako

Bunia, tarehe 14

Papa,

Salamu nyingi. Guu bado zima.

Ijumaa walibeba ordinateri, ile kompyuta yangu, na telefone, wakanilaza kwao siku mbili. Wakaniuliza: shefu anayewaongoza ni nani? Nikasema hakuna. Walicheka. Sasa natumia telefone ya Berthe, muuguzi jirani. Programu ilikuwa kwake tayari, na kwa nusu ya watu wa mtaa wetu, Lumumba. Nilipokuwa ndani, mama za soko waliendelea kuulizana kwa programu njia gani iko salama. Fonii yako ilizimwa na mkono mmoja. Hii itataka mikono mingapi?

Wanarudi jumatatu. Ukinikatalia tena, nitawakatalia peke yangu.

Lydie wako

Mahagi, tarehe 16

Lydie,

Leo sikuulizi afya, nisamehe.

Ile kaye ya fonii niliwapa watu wa usalama wa wakati ule. Walikuja na bunduki, nikaifungua miye mwenyewe, nikawaonyesha kwa kidole. Walichukua watu watatu. Laurent, aliyekuwa amemwita tu muke wake arudi nyumbani, hakuonekana tena. Mama yako alikufa bila kujua.

Nilikuambia uwape kwa sababu miye niliwapa, na nilitaka tuwe wawili. Aibu hiyo ni yangu, mwanangu, isikuguse.

Usiwape hata jina moja. Mbusa anatangulia na barua hii, miye napanda gari kesho. Jumatatu watatukuta wote mlangoni.

Papa yako