Bia ya Rangi ya Mkanda

Jumatano, 14 Februari 1906
Bia za pwani zimekwisha! Bwana Luteni ana kiu, na mpishi wake ni mimi. Anataka ya kupikwa hapa hapa Songea — si kali, si tamu, rangi ya mkanda wake wa kiunoni. Ishuke bila kugombana na koo. Nikasema inawezekana. Mimi, nisiyejua kupika hata togwa! Ila kaka yangu Chande yumo gerezani bomani kwa kukutwa na kibuyu cha maji ya dawa. Bia ikimpendeza Bwana, nitamwombea.

Alhamisi, 15 Februari
Nimempelekea Shangazi Tabu, aliyetulea mimi na Chande, ulezi wa stoo ya boma. Akauchezea kiganjani. Huu wangu, akasema, walioukomba askari kabla ya kuchoma ghala langu. Nikamwambia basi mnajuana, mtaelewana. Hakucheka. Kaulowesha.

Jumatatu, 19 Februari
Umeota. Mvua tu, jua la kuanikia kimea hakuna. Shangazi kakitandaza juu ya moshi wa jikoni. Kimekuwa chekundu-cheusi. Nikadhani kimeungua — kumbe ndio mkanda wenyewe!

Alhamisi, 22 Februari
Imo mtungini, na majani machungu kidogo. Shangazi anaitegea sikio, anaionja kila saa. Inaongea, anasema. Naye anaijibu: harakisha, mama, mtoto anangoja.

Jumamosi, 24 Februari
Bwana kaamuru nionje kwanza, asije akalishwa sumu. Kisha akashusha vikombe vitatu. Gut, gut, yaani nzuri! Nikapiga magoti: Bwana, ndugu yangu Chande yumo gerezani. Akafungua daftari. Ndugu yako alikufa Januari, akasema, nilikupa ruhusa ukamzike.

Kweli! Iddi, mtoto wa mama mdogo. Nikaeleza: yule ndugu, na huyu ndugu. Akacheka hadi povu likamwagika. Kwao ndugu ni wa tumbo moja. Mtu hawezi kuzikwa na kufungwa, akasema. Ningesema tumbo moja! Maneno mawili tu.

Kimea kilichobaki kipikwe chote, akaamuru. Jumanne ana wageni.

Jumatatu, 26 Februari
Mafundi wanasimamisha nguzo za kunyongea nje ya boma. Majina hayajasomwa. Shangazi nimemwambia kesho ni sherehe.

Mitungi minne, rangi ile ile. Leo hajaionja hata tone. Nikamuuliza, mbona?

Mfiwa haonji pombe ya matanga, akasema. Akafunika mtungi.

Na kesho Bwana ataniita mbele ya wageni, nionje kwanza —