Nimewaambia Nataka Upadre

Rafiki yangu, nimewaambia. Mezani, wote wamekaa. Nimesema nikimaliza shule naenda seminari, niwe padre.

Unajua mama alifanya nini? Aliinua kitambaa cha meza kutafuta simu inayorekodi.

Baba alicheka mpaka akapaliwa na maji. “Huyu? Huyu aliyemfungia mwalimu wa zamu stoo?” Nikainamisha kichwa kwa heshima, maana ni kweli, na kufuli ulilishika wewe.

Nikarudia: baba, sitanii.

Kicheko kikakatika. Afadhali angeendelea kucheka.

“Mwana wa kiume ninaye mmoja tu. Gereji nimwachie nani? Jina la babu yako libebwe na nani?”

Nikasema dada anajua injini kuliko mimi. Dada akanikanyaga chini ya meza, ila hakukataa.

“Basi nenda,” baba akasema. “Ukienda, hapa usirudi.”

Hapa usirudi! Na alisema hivyo huku ananiongezea nyama kwenye sahani. Sikujua nilie au nile. Nikala.

Nikamwambia nitaenda, baba, na nitarudi kukusalimia hata kama utanifungia mlango. Akainuka, akaacha chakula chake.

Baadaye mama akaniita jikoni. “Ni kweli?”

“Ni kweli, mama.”

Akasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Akaisugua tena.

“Miaka yote nakuomba uache utani,” akasema. “Leo tu ndiyo natamani ungenitania.”